Bunduki za muvi: jinsi ya kushuti sini ya risasi bila silaha ya kweli

Maswali ni yaleyale kila siku: bunduki ya muvi inapatikana wapi, ile inayotoa moto ni ipi, naweza kutumia risasi baridi, mbona yangu kwenye skrini inaonekana midoli tu. Kujibu mmojammoja kumenichosha kwa hiyo nimeyaweka yote hapa, soma mpaka chini afu ndo uulize.

Jambo moja lielewe kabla hatujafika popote. Mtazamaji haiamini bunduki, anaamini mwili wa ekta, sauti na mwako. Vitu hivyo vitatu havihitaji baruti hata chembe. Ukimpa ekta mzuri kipande cha mpira chenye umbo la bastola na ukamfanyia kazi ya sauti inavyotakiwa watu wataruka kwenye viti, na ukimpa ekta mbovu bunduki ya kweli atakuletea sini ya kuchekesha.

Hili la risasi baridi tulimalize kwanza

Risasi baridi, wengine wanaita blanki, haina kile kichwa cha chuma kinachoruka, lakini baruti imo, tena inalipuka kwelikweli. Gesi ya moto inatoka mdomoni kwa nguvu na inaweza kutoka na kipande cha karatasi au plastiki kilichoziba ganda. Mwaka 1984 muigizaji Jon-Erik Hexum alijiwekea rivolva (bastola ya silinda inayozunguka) yenye blanki kichwani kwa utani, akafyatua, na akafa siku chache baadaye, hakuna risasi iliyotoka pale, ni nguvu ya gesi tu iliyovunja fuvu. Mwaka 1993 muigizaji Brandon Lee alikufa kule Wilmington, North Carolina, na stori yake kila anayeshika propu, yaani kifaa cha kuigizia, anapaswa kuijua: risasi za dami (za kuonyesha tu, zisizofyatuka) zilizotumika kwa klozapu, yaani picha za karibu, zilitengenezwa kwa kutoa baruti lakini fataki ya kwenye kitako cha ganda ikaachwa, fataki ikasukuma kichwa cha risasi kikakwama ndani ya mtutu, hakuna aliyechungulia, baadaye wakaweka blanki kwenye bastola ileile na blanki ikakisukuma kile kichwa nje kama risasi ya kawaida. Oktoba 2021 huko New Mexico mpiga picha Halyna Hutchins akauawa kwenye seti ya muvi ya Rust kwa sababu risasi hai, yaani ya kweli, ilikuwa imeingia kwenye rivolva ambayo watu waliambiwa ni salama, na msimamizi wa silaha wa muvi ile alihukumiwa miezi 18 jela mwaka 2024.

Hizo zote zilikuwa seti zenye bajeti na watu wa kulipwa. We na washkaji zako wanne na kamera moja mna nini cha kuwazidi? Kwa hiyo kwenye mwongozo huu blanki hazimo, wala bunduki ya kweli "iliyotolewa risasi" haimo, wala ya mjomba askari haimo. Hata wakubwa wanazikimbia, tangu 2021 kuna maproduza kibao waliohamia kwenye bunduki za airsoft (za kuchezea, zinazorusha vidonge vya plastiki) na mwako wa kompyuta.

Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza

- Propu za mpira au plastiki nzito, hizi ndo za kukimbia nazo, kuanguka nazo na kupigana nazo. Propu ya chuma usimpe mtu wa kuanguka nayo, itamtoa meno.
- Propu moja nzuri ya klozapu, ikiwezekana ya airsoft ya gesi ambayo slaidi, kile kipande cha juu, inasogea ukivuta triga. Vile vidonge vya plastiki vya milimita 6 viache nyumbani kabisa, vinatoboa jicho.
- Taa ndogo ya LED inayowaka na kuzima haraka.
- Kamera, na programu ya kuediti. DaVinci Resolve ina toleo la bure na Blender ni ya bure yote, sitaki kusikia kisingizio cha programu.
- Sauti za risasi zenye ruhusa ya kutumika, siyo ulizokwapua kwenye muvi ya mtu.
- Begi au boksi lenye kufuli.
- Miwani ya kukinga macho kwa watu wa nyuma ya kamera, kama kuna kitu chochote cha gesi.
- Mtu mmoja ambaye kazi yake ni propu tu. Asiwe dairekta, asiwe ekta.

Hatua zenyewe

1. Kata sini yako kwenye karatasi. Andika kila shoti na mbele yake andika propu gani inahitajika. Utashangaa, kwenye sini ya shoti ishirini labda tatu tu ndo bunduki inaonekana kwa karibu, nyingine zote iko mkononi mbali au nusu iko nje ya fremu, na hapo mpira unatosha kabisa. Hii hatua inakuokolea hela kuliko nyingine yoyote, maana wanaoanza wananunua propu tano za bei wakati walihitaji moja.

2. Ulizia sheria kabla ya kununua. Kila nchi na yake. Uingereza kuna sheria ya 2006 inayobana uuzaji wa bunduki bandia zinazofanana mno na za kweli, watu wa filamu wana mlango wao maalumu. Marekani bunduki za kuchezea zinazofanana na za kweli lazima ziwe na alama ya kuzitofautisha, kwa kawaida ya rangi ya machungwa mdomoni. Kwingine airsoft inahesabiwa silaha kamili na inataka leseni. Usiagize kwanza afu ndo uulize, mzigo utakwama forodhani na utaitwa ujieleze.

3. Toa taarifa. Polisi wa eneo husika, mwenye jengo, majirani, na wapita njia ukiweza weka bango kabisa. Pata barua, itembee na wewe, na siku ya kushuti awepo mtu pembeni ambaye kazi yake ni kuongea na watu wanaokuja kuuliza. Hili watu wanalidharau kupita yote. Mtu aliyesimama dirishani ghorofa ya tatu haoni kamera yako, anaona vijana wenye bunduki wanakimbia, na askari atakayekuja hataanza kwa kuuliza kama ni muvi. Ikitokea wamekuja: propu chini, mikono ionekane, mmoja tu aongee. Waambie maekta wote jambo hili asubuhi kabla hata ya chai.

4. Kagua propu mbele ya kila mtu. Yule mtu wa propu anatoa magazini (kasha la risasi), anavuta slaidi, anaonyesha ndani, anamulika mtutu kwa tochi, na ekta anaangalia kwa macho yake mwenyewe, asiambiwe tu. Rudia kila propu inaporudi kutoka mikononi mwa mtu hata kama ni dakika mbili zimepita, na hata kama ni mpira mtupu. Najua inaonekana ujinga kumulika kipande cha mpira. Fanya tu, siku utakayochanganya propu mbili kwenye begi moja tabia hii ndo itakayokuokoa. Na kati ya shoti na shoti propu inarudi kwa mwenyewe, haikai kiunoni mwa ekta akipiga selfi.

5. Mfundishe ekta. Hapa ndo muvi inapona au inapokufa, kwa hiyo usipapite haraka.

Kidole kwanza. Kidole cha shahada kinakaa kando ya triga, kimenyooka juu ya bodi, mpaka sekunde ya kufyatua. Mhusika akiwa askari au jambazi mzoefu halafu anatembea na kidole ndani ya triga sini nzima, kila anayejua ameshatoka kwenye stori yako. Kama mhusika ni mwoga asiyewahi kushika bunduki, hapo sawa, muache akosee, hiyo ni sehemu ya uigizaji.

Uzito wa pili. Glock 17 ikiwa na magazini iliyojaa ni kama gramu 900, AKM tupu ni kilo 3 na kitu. Propu yako ya plastiki ni nyepesi kama rimoti na mkono wa ekta unasema ukweli wote. Jaza uzito ndani ya kitako au kwenye magazini, au angalau mpe ekta ashike kitu cha kilo tatu kwa robo saa kabla ya shoti mkono uchoke kidogo, atakumbuka.

Halafu teke. Bunduki ikipiga inarudi nyuma na mdomo unapanda juu kidogo, afu inashuka. Wanaoanza wanafanya kinyume, wanaisukuma mbele kama wanarusha maji. Mwambie ekta teke linaanzia kwenye kiganja, linapita kiwiko, linaishia begani, ni dogo na la ghafla, na kinachoonekana zaidi ni pale anaporudisha mtutu kwenye shabaha. Shotgani inasukuma bega zima. Bunduki ya mfululizo inatetemesha mwili, haiupigi mara moja moja. Kuna ujanja mmoja rahisi ambao unafanya kazi sana: mtu asiyeonekana anagonga kwa kiganja kiwiko cha ekta kutoka chini kila "risasi", mshtuko unaopatikana ni wa kweli kwa sababu ekta hajui utakuja lini.

Na macho. Mtu mzoefu hafumbi macho kila anapofyatua. Propu yako haina mlio kwa hiyo hana sababu ya kufumba, ila wengi wanafumba hivyohivyo kwa mazoea, rudia mpaka iishe.

6. Panga kamera ili mtutu usimlenge mtu. Hata kama ni mpira. Ekta analenga pembeni ya mwenzake, mita moja hivi kulia au kushoto, na kamera ukiiweka mbali na kuvuta kwa lenzi ndefu ile nafasi inapotea, kwenye skrini anaonekana amemlenga kifuani. Ukitaka mtutu uangalie lenzi moja kwa moja, funga kamera kwenye stendi, bonyeza rekodi, ondoka. Hakuna haja ya jicho la mtu kuwa nyuma yake.

7. Washa mwanga hapohapo kwenye seti. Hiki kitu kinawatenganisha wanaojua na wasiojua. Mwako unaoongeza kwenye kompyuta unaangaza hewani tu, hauangazi uso wa ekta wala ukuta wa nyuma yake, na jicho la mtazamaji linakamata hilo hata kama hawezi kusema ni nini. Chukua taa ya LED, iweke usawa wa mdomo wa mtutu nje kidogo ya fremu, mtu aiwashe na kuizima kila ekta anapofyatua. Usiku au ndani ya chumba cha giza ni lazima. Mchana wa jua kali achana nayo, mwako wenyewe kwa kawaida hauonekani sana.

8. Hesabu risasi. Rivolva nyingi ni risasi 6. Bastola ya zamani ya M1911 magazini yake ni 7, Glock 17 ni 17. AK ina magazini ya 30 na kasi yake ni kama risasi 600 kwa dakika, maana yake ukishikilia triga magazini imeisha ndani ya sekunde 3. Sekunde tatu! Sasa fikiria zile sini ambazo jamaa anamwaga risasi nusu dakika huku anaongea. Kubadilisha magazini kupe nafasi, kunaleta presha nzuri kwenye stori, adui anasogea, jamaa anahangaika na mkono unatetemeka. Bastola nyingi za magazini slaidi inabaki nyuma risasi zikiisha, AK ya kawaida haifanyi hivyo, inagonga tu "ka" na kunyamaza.

9. Editi mwako. Kama unashuti fremu 24 kwa sekunde, mwako ukae fremu moja. Mbili ni nyingi. Mwako wa kweli ni wa kufumba na kufumbua, ukiuacha fremu tano unaonekana kama jiko la gesi. Chukua picha ya mwako yenye mandhari nyeusi, iweke kwenye leya ya juu, chagua modi ya kuchanganya inayofuta weusi, kwenye programu nyingi inaitwa Screen au Add, iunganishe na mdomo wa mtutu. Kila risasi badilisha: geuza, punguza, zungusha, nyingine iache bila mwako kabisa. Fremu inayofuata weka moshi mwepesi unaosogea na upepo wa sini yako, siyo upepo wa klipu uliyodaunlodi. Ongeza ganda linaloruka kama slaidi inaonekana, na kwenye bunduki nyingi linatokea upande wa kulia, kwa hiyo ukigeuza picha kama kioo umeumbuka.

10. Jenga sauti kwa tabaka. Risasi moja siyo faili moja. Kuna mpasuko wa mwanzo, kuna uzito wa chini, kuna chuma kinachosogea, na kuna mkia, yaani sauti inavyorudi kutoka kwenye mazingira. Mkia ndo unaosema uko wapi: ndani ya korido unagonga kuta na kurudi haraka, uwanjani unasambaa na kufa taratibu. Ukitumia mkia wa uwanjani ndani ya choo umeharibu. Umbali nao uhesabu, sauti inakwenda mita 340 hivi kwa sekunde, kwa hiyo kwa fremu 24 kila mita 14 ni fremu moja ya kuchelewa. Mdunguaji akiwa mita 340 kutoka kwa kamera, mwako uonekane kwanza na mlio ufike sekunde nzima baadaye. Ukifanya hivyo watu wananyamaza kabisa.

Na tafadhali, Glock haina nyundo ya nje, usiiwekee ule mlio wa "klik" wa kuvuta nyundo kila mtu anapotishwa.

11. Mahali risasi inapotua. Vile vilipuzi vidogo vya kupasua nguo achia wataalamu wenye leseni, usitengeneze na usijaribu. Tumia pampu ya mkono na mrija chini ya shati lililochanwa mapema na kushikwa na uzi mmoja, au weka vumbi na damu kwenye editi. Mtu akipigwa haruki mita tatu nyuma, maana teke la kutosha kumrusha yeye lingemrusha na aliyefyatua pia. Anakunja, anaketi, magoti yanaisha nguvu. Na risasi hazitoi cheche kila zinapogusa chuma, muvi zimetudanganya, wewe weka vumbi na vipande vya plasta.

12. Funga na uhesabu. Siku ikiisha propu zinahesabiwa mbele ya watu wawili, zinaingia kwenye begi, begi linafungwa, linabebwa kwenye buti na siyo begani barabarani.

Makosa ninayoyaona kila mara

Kuchomelea bomba ili "itoe moto kidogo". Hiyo siyo propu tena, umetengeneza silaha, na kwenye nchi nyingi ni jela. Kutia fataki za sherehe ndani ya mtutu wa plastiki, vidole havioti upya. Kupaka rangi nyeusi ile alama ya machungwa na kutembea nayo mtaani, mahali unapohitaji weusi ni ndani ya fremu tu, unaweza kuifunika kwa tepu nyeusi ya kubanduka sini ikianza na kuibandua ikiisha, kama sheria ya kwenu inaruhusu. Kumpa mtoto propu "apige picha moja tu". Na sentensi ninayoichukia kuliko zote: "tulia, si propu tu."

Ikigoma

*Bunduki inaonekana midoli.* Tatizo ni mng'ao. Plastiki inang'aa kote sawasawa. Piga msasa laini, paka rangi nyeusi isiyong'aa, kisha sugua unga wa penseli kwenye kingo na sehemu ambazo mkono na mfuko zingesugua kwa miaka. Mstari wa kuungia wa pembeni ufute, huo ndo unamchoma kila mtu.

*Mwako unaelea, hauko mdomoni.* Kamera inatikisika na leya yako imesimama. Fanya traki ya mdomo wa mtutu, yaani programu iufuate fremu kwa fremu, au kwa kuwa ni fremu moja tu kila risasi, iweke kwa mkono, ni haraka zaidi.

*Taa ya LED imeangaza nusu ya fremu tu.* Sensa ya kamera inasoma picha mstari kwa mstari na taa imezima kabla haijamaliza. Iache taa iwake muda wa fremu moja au mbili kamili.

*Slaidi ya airsoft inabaki nyuma baada ya kufyatua mara ya kwanza.* Baadhi ya modeli zinafanya hivyo zikikosa vidonge. Soma maelekezo yake, na usitatue kwa kurudisha vidonge ndani. Ikishindikana shuti bila slaidi kusogea na uisogeze kwenye editi, fremu mbili tu zinatosha.

*Sauti ni kubwa lakini haina nguvu.* Umejaza kila kitu juu. Shusha sauti zote nusu sekunde kabla ya risasi, mpaka pumzi ya ekta isikike, afu ndo upige.

*Ekta anacheka kila akifyatua.* Ni kawaida, anajiona mjinga kutikisa mpira kimyakimya. Weka spika karibu yake na upige mlio kila anapovuta triga, sauti hiyo utaitoa baadaye. Ikishindikana kabisa, shuti mgongo wake.